Sinza mtakonda, njooni Manzese!

Kila kijiwe cha Dar es Salaam kina kesi isiyokwisha. Ukiondoa ile ya Simba na Yanga, inayofuata ni hii: ni mtaa gani mtu aliyekamilika anatakiwa kuishi? Kijana wa Sinza anamcheka wa Mbagala. Wa Mbagala anamwambia wa Kigamboni avuke maji kwanza ndipo aongee. Wa Kinondoni anajiona ndiye mwenye mji, na wa Temeke yeye habishani, anakutazama tu kama mtu uliyepotea njia.

Leo nami naingia ulingoni, na sitaki kuzunguka mbuyu. Mtaa bora wa kuishi kwa kijana wa jiji hili mwenye kipato cha kuungaunga ni Manzese. Narudia, Manzese! Mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize, maana mbele kuna hesabu.

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji. Mtu akisema "mtaa bora", muulize: bora kwa nani? Kwa mwenye gari mbili na mlinzi getini, bora ni Masaki, na hakuna wa kumbishia. Lakini wewe unayesoma gazeti hili umesimama, tena huenda umeliazima kwa mwenzako, Masaki utaiona kwa njia mbili tu: ukiwa mlinzi, au ukiwa umelala kwenye banda la uani la mtu mwingine. Huko hata muuza vitumbua hapiti. Ukiishiwa chumvi saa mbili usiku unalala na mboga yako baridi.

Tena mgawanyo huu haukudondoka kutoka mbinguni. Wakoloni waliupanga mji huu kwa rangi ya ngozi. Uzunguni ilikuwa kule upepo unakovuma, ndiyo Oysterbay ikazaliwa. Uhindini ilikuwa katikati ya mji, baadaye na Upanga. Uswahilini ikawa Kariakoo na Ilala, na eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi katikati kama ukuta usio na matofali. Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, babu zetu wakalitamka walivyoweza. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waswahili walipozidi kujaa ndipo zikapimwa Magomeni na Temeke.

Uhuru ulipokuja 1961, wakubwa wetu weusi wakahamia Oysterbay. Miaka ya mwanzo ya 2000, Serikali ya Awamu ya Tatu ikaziuza nyumba zake nyingi za huko na kwingineko kwa watumishi wake, bei unaijua mwenyewe ilivyosemwa. Kwa hiyo rangi iliondoka ukutani, ukuta ukabaki. Ukitaka kujua mapambano ya uhuru yalipikwa wapi, hayakupikwa ufukweni. Mwalimu alikaa Magomeni, na nyumba ile ipo hadi leo, imefanywa makumbusho. Uswahilini ndiko nchi hii ilikozaliwa, usione haya kukaa huko.

Sasa tuje kwa ndugu zangu wa Sinza, maana nyie ndio wasemaji wakuu.

Sinza nzuri, sikatai. Barabara zinajulikana zinaanzia wapi na kuishia wapi, viwanja vimepimwa, muziki upo. Kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy, kwa heshima ya marehemu Remmy Ongala aliyefariki mwaka 2010, na mtaa unaokipa kituo chake jina la mwanamuziki badala la kigogo una akili. Hapo nawapa mkono.

Lakini je, mnajua Sinza ilitokana na nini? Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilianzisha mradi wa viwanja na huduma. Vikapimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wa kipato cha chini wajenge kidogokidogo. Mradi huohuo ukaja Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujijengea bila kibali cha mtu, ukawachongea barabara na kuwaletea maji bila kuwafukuza. Sasa fanya utafiti wako mwenyewe, wala hauhitaji digrii: panda daladala, shuka Mikocheni, umtafute huyo mtu wa kipato cha chini aliyekusudiwa. Ukimkuta amevaa sare ya ulinzi, basi umempata. Halafu njoo Manzese. Aliyekusudiwa yupo, na wajukuu wake wapo.

Yaani mradi ni mmoja na mkopo ni mmoja. Walikopimiwa maskini viwanja wakahamia wenye nazo. Ambako maskini waliachwa walipo, wapo mpaka kesho.

Haya, hesabu. Tumchukue kijana anayeingiza shilingi 300,000 kwa mwezi. Simtaji jina maana ni wewe. Tuseme chumba kimoja Sinza, choo cha kushirikiana, ni 100,000. Mwenye nyumba hataki ya mwezi mmoja, anataka miezi sita mkononi. Hiyo ni 600,000, kipato chako cha miezi miwili bila kula wala kunywa. Juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Laki saba, na godoro hujanunua! Chumba cha ukubwa uleule Manzese tuseme ni 50,000. Kwa masharti yaleyale utatoa 350,000, na ukiwa na mdomo mzuri mwenye nyumba wa Manzese anakubali miezi mitatu, maana na yeye ana ada ya shule ya kulipa wiki hii.

Hao madalali nao tusiwaache. Mmoja alinitembeza vyumba vitano kwa siku moja, kila chumba nikamtolea pesa ya usumbufu kabla mlango haujafunguliwa. Katika hivyo vitano, vitatu vilikuwa na watu ndani wanakula chakula chao cha mchana, wala hawajui kama wanahama. Walitukaribisha ugali. Nilikula.

Unadhani kuna wa kumshitakia? Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, na mabaraza ya nyumba ambako mpangaji aliweza kwenda kulia. Mwaka 2005 sheria ile ikafutwa. Tangu hapo wewe na mwenye nyumba mnakutana sokoni, yeye ana nyumba na wewe una begi. Na kana kwamba hiyo haitoshi, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Jengo ni la nani? La mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni nani? Ni wewe kijana, unaweka umeme wa 5,000 kuchaji simu na kusikiliza mpira, unakatwa kodi ya nyumba usiyokuwa na hata kitasa chake. Kuna waliokwenda kudai warudishiwe na mwenye nyumba. Wakifanikiwa watuandikie.

Upande wa nauli wapo wanaosema, "Mimi napanga mbali ambako chumba ni bei ya bure." Sawa. Lakini mbali si bure. Nauli ya chini ya daladala ilipanda Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Mtu wa Chanika au Mbagala ndani ndani anayebadili gari mara moja kwenda na mara moja kurudi, hata tukihesabu nauli ya chini kabisa, ni 2,400 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 62,400. Umekimbia kodi ya chumba, umeilipa kwa konda! Tena hapo sijahesabu saa zako. Kijana anaamka saa kumi alfajiri, anarudi saa tatu usiku, mtoto wa jirani anadhani ni mwizi kwa sababu hajawahi kumwona mchana.

Kwa Manzese, nauli ikikushinda unakwenda kwa miguu. Kariakoo ni mwendo wa saa moja na ushee kwa kijana mwenye afya. Mwendokasi ulioanza Mei 2016 una vituo vyake hapo barabarani. Najua, najua, mtasema gari zinajaa mpaka watu wanapitia dirishani. Ni kweli, na Jangwani ikifurika barabara ya Morogoro inafungwa na wote tunakwama, wa Kimara na wa Ubungo na sisi. Tofauti ni kwamba wa Kimara akikwama analala mjini. Wa Manzese anakunja suruali, anatafuta njia ya juu, anafika kwake akiwa na matope na hadithi.

Tupite haraka kwa mitaa mingine wasije wakasema nimewaonea.

Kariakoo ilikuwa baba wa mitaa yote. Klabu ya Simba iko Msimbazi, Yanga iko Jangwani, na mwanamume wa mji huu hawezi kusema neno baya hapo. Lakini nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, zimekwisha. Zimeota maghorofa ya fremu za maduka. Novemba 16, 2024 ghorofa moja lilidondoka na watu ndani mchana kweupe. Kariakoo leo ni mahali pa kuuzia, si pa kulala.

Temeke nawaogopa kidogo, nasema ukweli. Wametoa TMK Wanaume, wana uwanja wa taifa ambao sasa unaitwa wa Benjamin Mkapa, na wana umoja ambao mtaa wowote ungeutamani. Kama Manzese isingekuwepo ningehamia Temeke kesho. Ila Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka yakaangukia watu majumbani, na mpaka leo kule mtoto aliyezaliwa enzi hizo akisikia ngurumo haamini kama ni mvua.

Kigamboni ni upepo na bahari, na tangu Aprili 2016 kuna daraja. Lakini mji gani unalipia kuingia na kutoka kwako mwenyewe? Tena watu wa Kigamboni waliambiwa mwaka 2008 kwamba unakuja mji mpya wa kisasa, wasiendeleze maeneo yao. Wakakaa miaka hawajengi, hawauzi, wanasubiri maghorofa ya kwenye mchoro. Mchoro ulikuwa mzuri sana.

Kigogo, Jangwani, Mkwajuni na bonde lote la Msimbazi, hapo sitanii. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, walionusurika wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama za X na tingatinga. Kijana usidanganywe na chumba cha bei poa karibu na mto. Mto ule una kumbukumbu kuliko dalali.

Goba, Madale, Bunju na wenzao, mnaojenga banda la vyumba viwili na kuhamia kabla ya umeme, nyie nawavulia kofia. Lakini nyie si wapangaji tena, mmeshakuwa wazee wetu. Ushindani huu hauwahusu.

Sasa Manzese ina nini?

Ina kila kitu, tena kwa vipimo vya mfuko wako. Mafuta ya kula unapimiwa ya 500. Mitumba iko pale pale, viatu vinavyovaliwa Masaki vinapita kwanza mikononi mwa vijana wa Manzese. Soko la Tandale liko jirani na nafaka zake, ndizi ziko Mabibo, mamantilie anakukopesha kwa sababu anajua unakaa nyumba ya nani. Ukipata homa usiku, mlango unaogonga ni wa mtu anayekujua jina, na bodaboda anakupeleka kwanza, pesa baadaye. Jaribu hilo Mikocheni. Utaanza kubweka na mbwa.

Na kazi. Watu hawasemi hili, lakini mtaa ni ofisi ya ajira. Nusu ya vibarua nilivyopata nilivipata nimekaa kwenye benchi la kahawa Uzuri au nikinyolewa Midizini. Fundi anataka msaidizi, mtu wa ghala anataka wapakuzi, anayehama anataka wa kubeba. Kijana wa chumba cha gharama mwenye geti la chuma habari hizo zinampita, anazisoma kwenye simu siku tatu baadaye zikiwa zimeoza.

Wapo watakaosema, "Manzese vibaka!" Wapo, kama walivyopo kote. Lakini ujue kwamba kijana wa Uswahilini siku zote ndiye mshitakiwa wa kwanza wa mji huu. Mwaka 1983 ilipopita Nguvu Kazi, wasio na kazi inayotambulika walizolewa mitaani kupelekwa mashambani. Januari 2015 uvumi wa Panya Road ulifunga maduka jioni moja kutoka Magomeni hadi Sinza, na polisi wakakamata vijana kwa mamia. Wangapi walikuwa wahalifu, na wangapi walikuwa wametumwa mkaa? Vigogo wanaoiba kwa kalamu hawajawahi kufanyiwa msako wa nyumba kwa nyumba, labda kwa sababu kule kwao nyumba ziko mbalimbali.

Sitaki mnione mpambe asiyeona. Manzese ina aibu yake, na naitaja kwa jina: kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikianza, mtu anafungua tundu la shimo lake, uchafu unakwenda na maji mpaka mlangoni kwa jirani, na jirani naye anamfungulia wa chini yake. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 katika jiji hili hakikuja na ndege. Gari la kunyonya halipiti vichochoroni, ni kweli, lakini wapo vijana wenye mashine ndogo za kusukuma kwa mkono, na nyumba nne zikichanga haziwezi kushindwa. Tunachangia harusi za watu tusiowajua mpaka tunakopa, choo chetu wenyewe tunasubiri mvua!

Hapo ndipo nawapa Tabata sifa ambayo Manzese bado hatujaistahili. Jiji lilikuwa likimwaga takataka zake zote Tabata, moshi na harufu mchana na usiku. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu, wakalishitaki Jiji, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaomba tena, mahakama ikachoka. Jaa likahamishiwa Kunduchi Mtongani, nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Likaja Vingunguti, likaenda Mtoni, tangu 2007 liko Pugu Kinyamwezi. Hadi leo kituo kinaitwa Tabata Dampo na dampo halipo. Waliofanya hayo walikuwa watu wa kawaida waliokataa kuzoea harufu.

Nayasema haya kwa sababu Manzese inanyemelewa. Mtu mwenye pesa akisimama juu ya kituo cha mwendokasi akatazama mabati yetu, haoni vyumba, anaona viwanja. Mbele barabarani fremu na nyumba za wageni zimeshajipanga. Mwenye nyumba mzee akifariki, warithi wanauza, na mpangaji wa miaka kumi anapewa mwezi mmoja. Watu wa Magomeni Kota waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakakaa nje karibu miaka kumi, lakini hawakunyamaza, na mwaka 2022 kaya 644 zikakabidhiwa ghorofa zao palepale. Wao walikuwa na majina kwenye orodha. Wewe jina lako liko wapi? Mkataba wako na mwenye nyumba ni wa mdomo, risiti huna, na hata kwenye daftari la mjumbe hujaandikwa.

Anza na hilo wiki hii. Dai mkataba wa maandishi, hata wa karatasi ya daftari, wenye tarehe na sahihi mbili. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaandikwe. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayegonga muhuri kwenye barua yako ya kitambulisho, ya kazi na ya dhamana ukikamatwa. Najua wengi mlisusa baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, wagombea wengi wa upinzani walipoenguliwa kabla hata ya kura. Hasira hiyo ninayo na mimi. Lakini mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote, na una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Nenda ukae mbele, uulize pesa ya mitaro ilikokwenda. Ukifukuzwa, tuletee habari hapa.

Wa Sinza najua mtajibu. Jibuni kwa hesabu, si kwa kutaja baa. Wa Temeke, nyie njooni tuzungumze kistaarabu kwenye kahawa.

Na kama kuna aliyeshawishika, nyumba ninayokaa chumba cha uani kimebaki wazi, dirisha moja, linatazama mwembe. Mwenye nyumba ni bibi, anataka miezi mitatu na hataki mtu wa kufungulia redio alfajiri. Uliza kwenye genge la kona, usije na dalali.